Jiwe la Kifungilo limenyamaza, tope la Kilwa linasema

Ukiokota jiwe kandokando ya barabara kule Kifungilo, juu Lushoto, ukalipasua kwa nyundo, utaona mistari: mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, imejikunja kama kitambaa kilichokunjwa vibaya. Ukibahatika utaona na vidoa vyekundu vya ganeti, madini yale yale wanayoyatafuta wachimbaji wadogo wa bonde la Umba. Utakachokosa ni kiumbe. Hakuna konokono, hakuna jani, hakuna jino la samaki. Pasua mawe ya Usambara mwaka mzima, jibu litakuwa hilo hilo.

Sasa panda gari ushuke Soni, Mombo, Korogwe, Muheza mpaka Tanga. Nenda Amboni, kilomita kama nane tu kaskazini ya mji, kwenye yale mapango ambayo watembeza wageni wanakusimulia kwamba yanatokea mpaka Mombasa. Hiyo ya Mombasa tuwaachie wenyewe. Wewe tazama ukuta. Ni chokaa, na chokaa hiyo ni mabaki ya bahari ya enzi ya Jurasi. Safari ya siku moja, na umetoka kwenye jiwe lisilokumbuka chochote umefika kwenye jiwe linalokumbuka bahari.

Maswali yetu leo ni mawili. Tunajuaje kwamba mahali fulani palikuwa bahari, ziwa au ufuko, mamilioni ya miaka kabla hajazaliwa mtu wa kushuhudia? Na hilo jiwe "linalokumbuka", tunajuaje kwamba halitudanganyi? Swali la pili si la utani. Utaona mbele kwamba kwa miaka mingi wanasayansi walidanganywa na mashahidi wao wenyewe, na tope la kwetu Tanzania ndilo lililosaidia kuwaumbua.

Kwanza, darasa la chupa

Chukua chupa ya maji ya lita moja. Weka udongo mpaka robo, jaza maji, funga, tikisa kwa nguvu, kisha iache juu ya meza. Mchanga mzito unazama mara moja. Vumbi laini linachukua dakika nyingi. Mfinyanzi wenyewe unaweza kukesha ukielea, na kesho yake bado maji yana rangi ya chai ya maziwa.

Hapo umeshajifunza kanuni ya kwanza ya kusoma miamba ya mashapo, yaani miamba iliyotokana na mchanga, tope na mabaki ya viumbe yaliyotua na kushikamana. Punje kubwa zinahitaji maji yenye nguvu ili zisafiri. Tope laini linahitaji utulivu ili litue. Kwa hiyo ukikuta changarawe za mviringo, fikiria mto wenye kasi au mawimbi. Ukikuta tabaka nene la mfinyanzi laini, fikiria maji yaliyotulia: ziwa, wangwa, au bahari yenye kina mahali ambapo mawimbi ya juu hayafiki.

Ila tatizo unaliona. Ziwa, wangwa na bahari kuu ni sehemu tatu tofauti kabisa, na zote zinatoa tope laini. Jiwe peke yake halitoshi, linahitaji shahidi wa pili. Hapo ndipo wanapoingia visukuku vidogo, vile ambavyo bila hadubini huvioni.

Mashahidi hawa wako wa aina nyingi, lakini wanne wanatutosha. Foraminifera ni viumbe wa seli moja wanaojijengea gamba, mara nyingi la chokaa, na wengi hawafiki milimita moja. Karibu wote ni wa maji ya chumvi. Wapo wanaoelea juu ya bahari na wapo wanaoishi chini kwenye tope, na kadiri unavyokwenda mbali na pwani ndivyo wale wanaoelea wanavyozidi kuwa wengi kwenye mashapo. Ostrakodi ni jamaa wa mbali wa kamba na kaa, wamejifungia ndani ya vigamba viwili kama kome mdogo sana. Hawa wana spishi za chumvi, za maji baridi na za maji mchanganyiko. Karofiti ni mimea ya maji inayoacha vijibegi vya mbegu vyenye chokaa, na kwa kawaida ukiviona jua kuna maji baridi au yenye chumvi kidogo. Wa nne ni chavua, ambayo ina ukuta mgumu ajabu na inakuambia ni mimea gani ilikuwa nchi kavu jirani.

Kazi yenyewe inafanana na ya jikoni. Unaloweka kipande cha tope, kinalainika, unakiosha juu ya chekecheo lenye matundu madogo kabisa (kipimo cha kawaida ni sehemu 63 za elfu za milimita, yaani mikroni 63), unakausha, kisha unakaa kwenye hadubini na brashi nyembamba unachagua gamba moja moja, kama mama anavyochagua mawe kwenye mchele. Usiku wako unaishia hapo.

Usambara: ushahidi uliopikwa

Turudi Kifungilo. Kwa nini kule hakuna kitu?

Miamba ya Usambara ni sehemu ya kile wanajiolojia wanachokiita Ukanda wa Msumbiji, mkanda mrefu wa miamba iliyobanwa wakati mabara ya zamani yalipogongana. Katika Pare na Usambara, mgongano huo ulifikia kilele miaka kama milioni 640 hadi 620 iliyopita. Miamba ilishushwa kina cha kilomita 30 na zaidi, ikapikwa kwenye joto la kama nyuzi 800 za Selsiasi. Kwa joto hilo madini ya zamani yanavunjika na mapya yanaota. Ile mistari myeusi na myeupe siyo tabaka za tope zilizotua. Ni madini yaliyojipanga upya chini ya mgandamizo. Jiwe la namna hii linaitwa naisi, na liko kwenye kundi la miamba geu.

Hata hivyo, sehemu ya ukanda huo ilianza maisha kama mashapo. Ndani yake kuna marumaru, ambayo ni chokaa iliyopikwa. Kuna kwataiti, ambayo ni mchanga uliopikwa. Kuna miamba yenye grafiti, kaboni ile ile ya ndani ya penseli, ambayo mara nyingi ni masalia ya uhai uliozikwa na tope. Kwa hiyo tunaweza kusema kwa uhakika fulani kwamba kulikuwa na maji na kulikuwa na mashapo. Lakini kina kiasi gani, chumvi au baridi, nani aliishi humo? Majibu hayo yameungua. Shahidi yupo, ila kumbukumbu yake imefutwa.

Kuteremka Tanga, kupanda miaka

Ukiteremka upande wa pwani unakutana na miamba ambayo haikupata adhabu hiyo. Ya kwanza ni ya kundi la Karoo: michanga na tope zilizotua ndani ya mabonde yaliyokuwa yanazama, wakati Afrika, Madagaska, India na Antaktika bado ni bara moja, Gondwana.

Katika miamba hiyo, karibu na mji wa Tanga, alipatikana mtambaazi mdogo ambaye mwaka 1924 Sidney Haughton alimpa jina Tangasaurus mennelli. Ndiyo, kuna mnyama wa kale mwenye jina la Tanga, na ninaona aibu kidogo kwamba wengi wetu tulimaliza sekondari bila kumsikia. Aliishi mwishoni mwa enzi ya Permi, zaidi ya miaka milioni 252 iliyopita, yaani kabla hata ya dinosaria. Mkia wake ulikuwa bapa kwa ubavuni, mkia wa kuogelea. Kwa hiyo jiwe linasema palikuwa na maji yaliyotulia, na mnyama anasema yalikuwa maji ya kuogelea. Hayakuwa bahari, maana bahari ilikuwa bado haijafika hapa.

Bahari inafika na chokaa ya Jurasi, ile ya Amboni. Katikati ya hizo tabaka mbili limetokea jambo kubwa: Gondwana inapasuka. Miaka kama milioni 165 iliyopita Madagaska, ikiwa pamoja na India, ilianza kujitenga na ubavu wa Afrika Mashariki, na maji ya chumvi yakaingia kwenye ufa. Mtu aliyesimama Amboni amesimama kwenye mwanzo wa Bahari ya Hindi. Ukilisoma jambo hili kitabuni unaona ni nadharia. Ukitoka kwenye Karoo ukaingia kwenye chokaa ndani ya mkoa mmoja, unaona ni matope mawili yenye ladha tofauti: moja la ziwa, moja la bahari.

Tendaguru: mfupa mkubwa, shahidi mdogo

Sasa tushuke kusini zaidi, maana historia ya kusoma mashapo nchini kwetu haiwezi kupita bila kilima cha Tendaguru, Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Bernhard Sattler aliona mifupa mikubwa imejitokeza ardhini. Mwaka 1907 akaja mwanapaleontolojia Eberhard Fraas. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yakaendesha uchimbaji mkubwa, wakiongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig, baadaye Hans Reck.

Zingatia tarehe. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimemalizika 1907, na eneo lile lilikuwa limechomwa na kufa njaa. Mamia ya watu wa maeneo hayo ndio waliochimba, waliofunga mifupa na waliobeba mizigo kichwani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilisafirishwa. Msimamizi mkuu wa kazi alikuwa Boheti bin Amrani. Jina lake lilikaa kwenye kumbukumbu kwa karibu karne nzima kabla dinosaria mmoja hajaitwa kwa heshima yake, Australodocus bohetii, mwaka 2007. Mwaka 2019 akafuata Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje, aliyeongoza uchimbaji wa mifupa hiyo yenyewe.

Mifupa ndiyo iliyopata umaarufu. Lakini fumbo la Tendaguru lilikuwa kwenye mashapo. Tabaka za dinosaria, ambazo ni tope na vumbi laini, zinapokezana na tabaka za mchanga zilizojaa makombe na konokono wa bahari. Dinosaria, bahari, dinosaria, bahari. Hao wanyama wa tani nyingi walikuwa wanafanya nini baharini?

Jibu lilikamilika taratibu. Wajerumani wa awali walishawaza juu ya ufuko na wangwa, kwa kutazama jiwe na makombe. Msafara wa pamoja wa Wajerumani na Watanzania wa mwaka 2000 ulirudi kilimani, na mara hii viumbe vidogo vilipewa nafasi yao. Ndani ya tope za dinosaria zilitoka ostrakodi na karofiti, mashahidi wa maji baridi na ya mchanganyiko. Ilitoka chavua nyingi ya miti jamii ya misonobari ya kale. Picha ikawa hivi: tambarare ya pwani yenye madimbwi, mikondo na wangwa, msitu wa misonobari nyuma yake, majira ya ukame ya kila mwaka, na bahari iliyokuwa inapanda na kushuka. Bahari ikipanda, mchanga wenye makombe unafunika. Ikishuka, tope la wangwa linarudi na dinosaria wanarudi. Mfupa mkubwa ulituambia nani alikuwepo. Kigamba kisichoonekana kwa macho ndicho kilichotuambia mahali penyewe palikuwaje.

Kilwa: mashahidi waliochakachuliwa

Sasa lile swali la pili, la udanganyifu.

Kuanzia miaka ya 1950, BP na Shell walitafuta mafuta kwenye pwani yetu na visiwa vyake. Mafuta hawakuyapata, ila walipata sampuli, na mwaka 1962 Walter Blow na Fred Banner walieleza foraminifera wapya kutoka mashapo ya Lindi. Shirika letu la TPDC lilianzishwa 1969, gesi ikagunduliwa Songo Songo 1974, na utaalamu wa kusoma viumbe hawa ukawa na makao nchini, kwa sababu mtafuta gesi naye anahitaji kujua tope alilotoboa ni la umri gani na la kina gani.

Kumbe tope la Kilwa lilikuwa na sifa ambayo haikuwa imethaminiwa: ni mfinyanzi mzito usiopitisha maji. Na hii inagusa fumbo lililowasumbua wanasayansi wa tabianchi duniani kote.

Fumbo lenyewe hili hapa. Oksijeni ina aina nyepesi na aina nzito. Foraminifera anapojenga gamba kwenye maji ya baridi, gamba lake linachukua aina nzito zaidi. Kwa hiyo gamba ni kipimajoto. Wanasayansi walipima magamba ya enzi ya Eosini na ya mwisho wa Kretasi kutoka sakafu za bahari kuu, na majibu yakasema tropiki zilikuwa na ubaridi kuliko sasa, wakati huo huo nchi za karibu na ncha za dunia zilikuwa na joto. Haikuingia akilini. Jua linapiga tropiki, iweje joto liende kwenye ncha?

Mwaka 2001, Paul Pearson na wenzake, akiwemo Joyce Singano wa TPDC, walichapisha vipimo kwenye jarida la Nature. Magamba kutoka mfinyanzi wa pwani ya Tanzania yalikuwa angavu kama kioo, karibu kama ya foraminifera aliyekufa jana. Ya bahari kuu yalikuwa meupe kama unga. Ukiyakuza sana unaona kwa nini: kwenye sakafu ya bahari, ambako ni baridi, chokaa ya gamba iliyeyuka kidogo kidogo na kujijenga upya, ikichukua kipimo cha ubaridi wa chini badala ya joto la juu alikoishi kiumbe. Umbo lilibaki lile lile, ushahidi ukabadilika. Kwa Kiswahili cha mtaani, mashahidi walikuwa wamechakachuliwa.

Magamba ya kioo yalisema bahari ya tropiki ilikuwa na nyuzi 28 hadi 32 angalau. Fumbo likaanza kufumbuka: tropiki hazikuwa baridi.

Baada ya hapo ulikuja mradi wa kuchoronga, ulioanza 2002 na kufikia visima vipatavyo 40 kati ya Kilwa na Lindi. Mwaka 2006 tabaka hizo zilipangwa rasmi na kuitwa Kundi la Kilwa, lenye vitengo vinne: Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande. Ukisikia mjiolojia wa Japani au Uingereza akitaja "Nangurukuru", hasubiri basi. Anazungumzia tope la Kretasi.

Kusoma tope hilo kulikuwa na mtego wake. Ndani ya mfinyanzi kuna tabaka nyembamba za chokaa zenye foraminifera wakubwa wa maji mafupi, wale wanaohitaji mwanga wa jua. Mwenye haraka angesema: hapa palikuwa na kina kifupi. Lakini wakazi wa kwenye tope lenyewe, wale wadogo wa chini, wanasema kina cha mita mia kadhaa. Nani mkweli? Wote, ila mmoja ni mgeni. Chokaa ile iliporomoka kutoka ukingo wa pwani ikatelemka mpaka kilindini. Kwa hiyo usimuulize shahidi alichokiona tu, muulize pia kama alikuwa anaishi hapo.

Mfinyanzi huo umehifadhi mpaka wa Eosini na Oligosini, miaka karibu milioni 34 iliyopita, wakati barafu kubwa ilipoanza kujikusanya Antaktika. Hapo ndipo anapotoweka Hantkenina, foraminifera mwenye miiba kama nyota, na kutoweka kwake ndiko kunakotumika duniani kote kuuweka mpaka huo. Mwaka 2009 Pearson, Gavin Foster na Bridget Wade walipima boroni ndani ya magamba ya Kilwa, kipimo kinachoeleza uasidi wa bahari na hivyo kiasi cha kaboni dayoksaidi hewani. Barafu ilipoanza, hewa ilikuwa na takriban sehemu 760 kwa milioni. Leo tumepita 420, tukitokea 280 kabla ya viwanda. Namba ya 760 ni kama alama kwenye ukuta wa bwawa: inatuonyesha hewa ya namna gani iliruhusu barafu ya Antaktika kuanza. Alama hiyo imetoka kwenye tope la Kilwa.

Tunaweza kusema nini juu ya Usambara?

Umesikia mara nyingi kwamba misitu ya Usambara na milima mingine ya Tao la Mashariki ina miaka milioni 30. Sasa una vifaa vya kuuliza: shahidi nani?

Siyo jiwe la chini yake. Hilo limepikwa, na ni la zamani mara ishirini ya namba hiyo. Ushahidi wa mamilioni ya miaka unatoka zaidi kwenye undugu wa mimea na wanyama wa milimani, pamoja na hoja kwamba Bahari ya Hindi yenye joto iliendelea kuwaletea mvua. Ushahidi wa mashapo yenyewe ni mfupi lakini unashikika: kwenye kinamasi cha milima ya Uluguru, chavua ya kiasi cha miaka 48,000 inaonyesha msitu uliendelea kusimama hata katika kilele cha enzi ya barafu, wakati sehemu nyingi za Afrika zilikauka. Hiyo inaunga mkono wazo la msitu thabiti. Haithibitishi milioni 30. Ni vitu viwili tofauti, na anayevichanganya anamfanyisha shahidi wa miaka elfu kazi ya shahidi wa miaka milioni.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Kifungilo anayetaka kujua historia ya mlima wake asikate tamaa kwa kukosa kisukuku kwenye jiwe. Atazame mlima unakokwenda. Mvua ikinyesha Lushoto, mto wa Soni unabadilika rangi, unashuka mpaka bonde la Mkomazi, unaingia Pangani, unamwaga tope baharini. Mito ya upande wa pili, Umba na Sigi, inafanya vivyo hivyo. Udongo wa shamba lisilo na matuta, chavua ya msitu uliobaki, mkaa wa kichaka kilichochomwa: vyote vinatua chini, tabaka juu ya tabaka, vikisubiri mtu mwenye chekecheo na brashi.

Chupa yako bado iko mezani. Itazame kesho asubuhi, halafu jaribu tena kwa maji ya mto wenu baada ya mvua kubwa, na mara nyingine wakati wa kiangazi. Pima kwa rula unene wa tope lililotua, andika tarehe. Ukifanya hivyo misimu miwili mitatu utakuwa umeanza kusoma mlima kwa njia ile ile iliyotumika Kilwa.